Miguu ya meza inayokunjwa: jinsi ya kuiunda isiyumbe

Ukitaka kuipima meza ya kukunja, usiigonge wala usiikalie. Shika ukingo wake mfupi, isukume kidogo mbele na nyuma kufuata urefu wake, huku ukitazama miguu. Karibu meza yoyote hubeba mzigo uliotulia juu yake. Nyingi hushindwa mtu anapoegemea, anapoivuta isogee, au anapokata kitu juu yake kwa msumeno. Uzito hushuka wima, ila kinachoing'oa miguu huja kwa ubavu.

Nililijua hili kwa hasara. Meza yangu ya kwanza niliifunga miguu kwa bawaba za mlango, na komeo dogo la kuizuia isijikunje. Iliyumba. Nikadhani miguu ni myembamba, nikaing'oa na kuweka minene zaidi. Ikayumba vilevile, na sasa ilikuwa nzito. Unene haukuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa umbali kati ya mahali mguu unapojikunjia na mahali unapozuiwa usijikunje.

Hesabu moja kabla ya kushika msumeno

Chukua mguu wenye sentimita 71 hivi kutoka kwenye bolti unapojikunjia hadi sakafuni. Tuseme umeisukuma meza, na kila jozi ya miguu imepata msukumo wa kilo 10. Mguu unakuwa mtaimbo: kilo 10 mara sentimita 71 ni 710. Kama kinachouzuia mguu kiko sentimita 2.25 tu kutoka kwenye bolti, kitapokea 710 gawanya kwa 2.25, yaani zaidi ya kilo 300. Kama kizuizi ni mkono wa mshazari unaopita sentimita 22 kutoka kwenye bolti hiyo, utapokea kilo 32 hivi, tena zikigawanywa kwa mikono miwili ya jozi hiyo.

Kuna na jambo la kulegea. Hakuna tundu lisilo na nafasi hata kidogo. Nusu milimita ya nafasi kwenye kizuizi kilicho sentimita 2.25 kutoka kwenye bolti inakuwa karibu milimita 16 kwenye unyayo wa mguu. Nusu milimita ileile kwenye mkono ulio sentimita 22 inakuwa milimita 1.6 tu, na hapo mtu haoni chochote. Ndiyo maana komeo zuri kiasi gani, likikaa karibu na bawaba, halitaiponya meza.

Vipimo nitakavyotumia hapa ni vya meza ya sentimita 160 kwa 70, kimo sentimita 75, uso wa plaiwudi ya milimita 18. Miguu ni mbao ngumu ya milimita 45 kwa 45, yenye nyuzi zilizonyooka. Ukibadilisha kipimo kimoja, rudi kwenye mchoro ubadilishe na vingine.

Hatua ya 1: Chora meza ikiwa imekunjwa

Wengi huchora meza iliyosimama. Anza na iliyolala, kwa sababu hapo ndipo vitu hugongana.

Mguu una urefu wa sm 73.2 (kimo cha 75 toa plaiwudi). Bolti yake iko sm 2.4 kutoka kwenye kichwa, kwa hiyo kutoka bolti hadi unyayo ni sm 70.8. Weka bolti sm 8 kutoka mwisho wa meza. Mguu ukilala utafika sm 78.8 kutoka mwisho huo. Wa upande wa pili nao vilevile. Jumla ni 157.6, na meza ni 160: nyayo zinabaki na nafasi ya sm 2.4 katikati. Hapo unaona kwa nini meza ya kimo cha kawaida inayopungua urefu huu huleta taabu. Kwa meza fupi zaidi, jozi moja ya miguu lazima iwe nyembamba kwa upana ili iingie ndani ya nyingine, na pau zake zipangwe upya zisipishane vibaya. Inawezekana, ila mara ya kwanza chagua meza ndefu.

Mchoro uwe wa ukubwa halisi, penseli kwenye ubao wa ziada au karatasi ngumu. Kata mguu wa karatasi, utoboe kwa pini, uuzungushe. Dakika hizo 20 zitakuokoa usiharibu mbao.

Hatua ya 2: Bavu za chini

Chini ya plaiwudi funga mbao mbili ndefu, kila moja milimita 70 kwa 22, sm 5 kutoka kwenye kingo ndefu. Hizi ndizo bavu, na miguu itashikwa upande wake wa ndani. Ongeza mbao mbili fupi za kuziunganisha kwenye miisho, ili upate fremu.

Gundi pekee haitoshi, na skrubu pekee hulegea, basi tumia vyote viwili. Ili skrubu isitoboe uso wa meza, toboa kwanza shimo pana la kuzamisha kichwa, lenye kina cha milimita 40, kwenye ubavu. Zinabaki milimita 30 za mbao. Skrubu ya milimita 45 itaingia milimita 15 kwenye plaiwudi na kuacha milimita 3 salama.

Kwa kila mguu, toboa tundu la milimita 8 kwenye ubavu, sm 2.4 chini ya plaiwudi na sm 8 kutoka mwisho wa meza. Toboa bavu zote mbili zikiwa zimebanwa pamoja kabla ya kuzifunga. Matundu yasipolingana, jozi ya miguu itapinda kila inapokunjwa.

Hatua ya 3: Kichwa cha mguu

Hapa patie muda, maana sehemu hii ndogo hufanya kazi mbili.

Toboa mguu katikati ya unene wake, sm 2.4 kutoka kichwani, kwa keekee ya milimita 8.5. Ndiyo, tundu la mguu liwe pana kidogo kuliko bolti, na la ubavu libane. Nia ni uzito wa meza ukae juu ya kichwa cha mguu kilichogusa plaiwudi, bolti ibaki na kazi ya kuzungusha tu. Bolti ikibeba uzito wote ikiwa karibu hivyo na mwisho wa mbao, siku moja mguu utapasuka kufuata nyuzi zake.

Sasa kichwa kina kona mbili, ya ndani (upande ambao mguu unaelekea unapokunjwa) na ya nje. Ya ndani iviringe: chora robo ya duara yenye nusu kipenyo cha sm 2.3, kitovu chake kikiwa katikati ya tundu, kata kwa msumeno, malizia kwa tupa na msasa. Usipoiviringa, kona hiyo itagota plaiwudi na mguu hautakunjika. Ya nje iache mraba, kali kama ilivyotoka kwenye msumeno. Mguu ukitaka kutanuka kuelekea nje ya meza, kona hiyo hugota plaiwudi na kukataa.

Wapo wanaoviringa kona zote mbili kwa sababu inapendeza. Matokeo yake uzito wote unahamia kwenye bolti, na mguu unakosa kizuizi chake cha kwanza. Lakini pia usiitegemee kona hiyo peke yake: ndiyo ile iliyo sentimita 2.25 kutoka kwenye bolti, yenye kupokea kilo 300.

Bolti iwe ya milimita 8, urefu sm 8 hadi 9. Weka washa (pete bapa ya chuma) chini ya kichwa, nyingine kati ya ubavu na mguu, na nyingine chini ya nati. Nati iwe ile yenye pete ya plastiki ndani, isiyojifungua kwa mtikisiko. Baadhi ya mafundi hupenda bolti ya milimita 10. Kwa mguu wa milimita 45 naona inakula mbao nyingi bila faida.

Hatua ya 4: Upau wa kati

Unganisha miguu miwili ya kila jozi kwa upau mmoja ili ikunjwe pamoja. Upau huu ndio unaozuia meza isiyumbe kwa upana, kwa hiyo usiweke kijiti chembamba. Tumia mbao ya milimita 22, yenye upana wa sm 10, na ulimi (mwisho wake uliopunguzwa unene) uingie sm 2.5 ndani ya tundu lake kwenye mguu. Mbao pana hushika mguu kwa juu na kwa chini ya kiungo. Ni hadithi ileile ya umbali.

Mahali pake ni kati ya sm 45 na 55 kutoka kwenye bolti. Juu ya hapo utagongana na mikono tutakayoiweka, na chini zaidi utakuwa kikwazo cha miguu ya watu. Gundi, bana kwa klampu, pima mishazari miwili ya fremu hiyo: ikilingana, jozi imenyooka.

Hatua ya 5: Mkono wenye kiwiko

Mkono ni vipande viwili vya chuma bapa cha milimita 20 kwa 4, vilivyoungwa kwa bolti katikati. Nitapaita mahali unapofungwa chini ya meza bega, kiungo cha katikati kiwiko, na mahali unaposhika mguu kiganja. Kila mguu una mkono wake, kwa hiyo ni minne.

Kiganja kiko sm 28 chini ya bolti ya mguu. Bega liko sm 36 kutoka kwenye bolti hiyohiyo, kuelekea katikati ya meza, na liwe sm 2.4 chini ya plaiwudi, sawasawa na bolti. Mkono ukinyooka, urefu kutoka bega hadi kiganja ni kipeuo cha pili cha 28 mara 28 jumlisha 36 mara 36, kinachotoa sm 45.6.

Sasa, kiwiko kikae wapi? Wengi hukiweka katikati kabisa, kisha wanashangaa mkono haulali. Kanuni ni fupi: tofauti ya urefu wa vipande viwili iwe sawa na tofauti ya umbali wa bega na kiganja kutoka kwenye bolti. Hapa 36 toa 28 ni 8. Vipande viwili vyenye jumla ya 45.6 na tofauti ya 8 ni sm 26.8 na sm 18.8. Kirefu kitoke begani, kifupi kitoke kwenye kiganja. Meza ikikunjwa, vyote vinalala juu ya mguu, kiwiko kikiwa sm 9.2 kutoka kwenye bolti.

Ukivigeuza, kifupi kikakaa begani, bado vitalala, ila kiwiko kitaangalia katikati ya meza na uzito wake utakuwa unakivuta kifunguke. Kwa mpangilio niliousema, kiwiko hukunjika kwenda juu, kwenye kona ya mguu na meza. Ili mkono ufunguke lazima mtu akiinue. Ukiuacha, uzito wake wenyewe unaubana.

Kipande kirefu kiongezee mkia wa sm 4 kupita kiwiko. Kwenye ukingo wa juu wa mkia huo, ule unaoangalia kona, chomelea kijibapa kidogo cha chuma ambacho kipande kifupi kitakuja kukiegemea. Kipunguze kwa tupa mpaka kiwiko kiweze kupita mstari ulionyooka kwa milimita 3 hivi, upande wa mbali na kona, halafu kigote. Milimita hizo 3 ndizo kufuli: ukiusukuma mguu ujikunje, mkono unabanwa, na kiwiko kinazidi kuegemea kijibapa badala ya kufunguka. Kikigota kabla ya kunyooka, mkono utajikunja wenyewe siku ya mzigo mkubwa. Kikipita sana, tuseme sentimita 2, mkono unafupika na mguu hausimami wima.

Kabla ya kukata, jumlisha sm 1 kila mwisho wa tundu: kirefu kinakuwa sm 31.8 pamoja na mkia, kifupi sm 20.8. Matundu yawe ya milimita 6, yabane bolti zake. Toboa vipande vyote vinne vya aina moja vikiwa vimebanwa pamoja kwenye jiriwa.

Hatua ya 6: Kuufunga mkono mahali pake

Mguu ukilala unachukua nafasi yote iliyo kando ya ubavu, kwa hiyo bega haliwezi kufungwa kwenye ubavu. Tengeneza kigingi cha mbao ngumu chenye urefu wa sm 8, upana sm 4, kimo sm 4.5, ukifunge chini ya plaiwudi kwa gundi na skrubu mbili za milimita 60, upande wa ndani wa mguu. Kati ya uso wa ndani wa mguu na kigingi acha nafasi ya milimita 15, ambamo vipande viwili vya chuma vitalala.

Mpangilio wa ndani ya nafasi hiyo ndio unaowaponyoka watu, basi uufuate hivi. Kutoka mguuni: washa tatu, kisha kipande kifupi. Washa hizo tatu zinaacha nafasi ya kichwa cha bolti ya kiwiko kupita bila kukwaruza mguu. Kutoka kwenye kigingi: washa moja, kisha kipande kirefu. Bolti ya kiganja iwe na kichwa cha kuzama, na tundu lake upande wa chuma lipanuliwe kwa keekee nene hadi kichwa kilale sawa na chuma. Kipande kirefu hupita juu yake hasa meza inapokunjwa, na kichwa kilichotokeza kitakataa mkono usilale. Bolti ya kiwiko ielekeze kichwa mguuni na nati upande wa pili.

Tundu la bega lipime mwisho, kwenye meza yenyewe. Ilaze meza kifudifudi, simamisha mguu, uuhakikishe kwa pembemraba kuwa umenyooka nyuzi 90 na kona yake ya nje imegusa plaiwudi. Nyoosha mkono mpaka kiwiko kigote kijibapa, ushikize kwa klampu kwenye kigingi, na hapo ndipo utie alama na kutoboa. Vipimo vya karatasi ni vizuri, ila mbao haikatwi sawasawa na karatasi, na kosa la milimita 2 linafutika hapa bila mtu kujua.

Kaza nati za kiwiko, bega na kiganja mpaka mkono uwe mzito kidogo kuzunguka, kisha zirudishe robo mzunguko.

Hatua ya 7: Pini ya usalama

Kiwiko kilichopita mstari hakifunguki kwa mzigo, lakini goti la mtu aliyekaa linaweza kukiinua. Mkono ukiwa umegota, toboa tundu la milimita 5 linalopita mkia na kipande kifupi kwa pamoja. Tia pini humo, uifunge kwa kamba fupi kwenye kigingi isipotee. Usiiruke hatua hii kwa meza itakayokaliwa na watoto.

Kwa meza iliyokunjwa, mkanda mmoja unaozunguka jozi zote mbili unatosha kuizuia miguu isining'inie wakati wa kubeba.

Hatua ya 8: Nyayo

Simamisha meza mahali unapojua pamenyooka. Ikicheza, usikimbilie kukata mguu unaoonekana mrefu. Tia vipande vya karatasi chini ya mguu mfupi mpaka meza itulie, weka kijibao chembamba sakafuni kando ya kila mguu, na pitisha penseli juu yake kuzunguka miguu yote minne. Kata kwenye mistari hiyo. Viringa kingo za chini kidogo kwa msasa zisichanike meza inapoburutwa, halafu vika vifuniko vya mpira.

Kujaribu, na kusoma kinachoyumba

Sukuma ukingo mfupi kama nilivyosema mwanzo, mtu wa pili akiwa amechuchumaa anatazama. Meza ikiyumba kwa urefu wake, tafuta kiungo kinachosogea. Kama ni kiwiko, bolti yake inacheza ndani ya tundu: weka bolti inayojaa tundu, kukaza nati hakutasaidia. Kama kigingi cha bega kinajinyanyua kwenye plaiwudi, gundi haikushika; kitoe, kwangua, funga upya. Kama mikono yote imetulia lakini uso wa meza wenyewe unapinda, ongeza mbao moja inayokingama kwa upana, katikati ya meza, pale kwenye nafasi ya sm 2.4 kati ya nyayo za jozi mbili.

Ikiyumba kwa upana, mikono haina hatia. Angalia kiungo cha upau na miguu, halafu bolti kuu. Mara nyingi nati kuu imeachwa imelegea ili mguu ukunjike kirahisi. Ikaze mpaka mguu usijishushe wenyewe ukiachwa hewani, ila usogee kwa kusukumwa na mkono mmoja.

Baada ya hapo pakia mzigo hatua kwa hatua, ndoo za maji zinafaa kwa sababu lita moja ni kilo moja, na uisukume tena ikiwa na mzigo. Sikiliza. Mlio mkavu wa mara moja kwa kawaida ni washa inayokaa mahali pake. Mlio unaorudi kila unaposukuma ni mbao inayoanza kupasuka, na mara nyingi uko kwenye kichwa cha mguu.

Wiki kadhaa baadaye zikague nati zote tena, hasa kama mbao haikuwa imekauka vizuri ulipoikata. Mbao hunywea, na nati iliyokuwa imebana itakutwa imeacha nafasi ya kuingiza ukucha.